Mizizi ya Mokongo

Miaka ile ya vita petroli ilipotea Kisangani, na sisi wa toleka, yaani teksi ya baiskeli, ndio tukawa magari ya mji. Siku moja niliinama kunyanyua gunia la mchele la mteja, nikasikia kitu kimeteleza kiunoni. Maumivu yakashuka kwenye tako, paja, hadi dole gumba. Tangu hapo kandambili ya kushoto ikawa inanivuka bila mimi kujua.

Daktari wa zahanati alinieleza vizuri. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini, kama mto wa toleka yangu; kimoja kimechomoza, kinabana mzizi wa neva. Mguu wenyewe hauna kosa. Nilale, nisibebe kitu.

Ungekuwa ugonjwa wa heshima, ningelala. Lakini kwetu mwanamume akisema anaumwa mokongo, ndiyo mgongo kwa Kilingala, hakuna anayefikiria mifupa. Wanafikiria kitanda, kwamba nguvu za kiume zimekwisha. Dawa ya mokongo inauzwa sokoni, na wanaoinunua hutazama pembeni.

Mke wangu, kwa roho safi, akamsimulia tonton wake, yaani mjomba, maneno ya daktari. Kesho yake mzee akaja na chupa ya magome yaliyolowekwa, akaninong'oneza kwa huruma, "Bon, mutoto yangu, nimesikia mizizi ndiyo iko na shida. Kunywa hii, bibi yako atafurahi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikafunga bendeji kwenye kifundo cha mguu, na kila aliyeuliza nikamjibu: mguu.

Kisha mabomu yakaanza kuanguka. Mtaa wetu wote wa Mangobo ulikimbia, mimi hata kusimama nilishindwa. Mke wangu akatoa baiskeli, akanipakia nyuma, juu ya mto niliowashonea abiria, akakanyaga mwenyewe. Njia ilifurika watu. Jirani mmoja akauliza, "Papa iko na nini?"

"Ni muguu!" nikawahi.

"Iko mokongo!" mke wangu akapiga kelele, pumzi zikimwishia. "Mutuachie njia!"

Wakatupisha, hata wenye magodoro kichwani. Mwanamume mmoja akacheka, mabomu yakilia vilevile. Nikaficha uso kwenye mgongo wa mke wangu.

Tuliposimama porini, aliona dole gumba langu linatoka damu. Lilikuwa limeburuzika chini njia nzima. Sikulisikia. Kilichokuwa kinaniunguza ni uso.