Tope la Aktiki na Moshi wa Ubani

Basi nikusimulieni habari za Nasriya, mkemia wa maabara moja ndogo pale mtaa wa Ghala, mwaka 1998. Maabara ililetewa kopo la tope la ziwa kutoka Aktiki, kule kwenye barafu, Nasriya apime asidi ya humiki: ule weusi unaobakia mimea ikishaoza. Kule miti haioti, kuna mwani na vijimea vya kutambaa tu. Kwa hivyo asidi yake yatarajiwa iwe na pete chache za kaboni, zile ambazo mbao zinazo tele. Nasriya akipata jibu safi, jina lake litaandikwa kwenye ripoti, kwa mara ya kwanza.

Wiki ile mabomba ya maabara yakakauka, akaenda kuosha chupa nyumbani, Khuwair ya Kusini. Siku ya kazi akaliroweka tope ndani ya soda kali, ile ya kuunguza, likatoa maji ya rangi ya kahawa. Akadondosha asidi, weusi ukaganda, ukatua chini. Raha! Akauyeyusha tena, akaupima kwa mashine ya mwanga.

Mkuu wake, Dkt. Yaqdhan, akasoma, akacheka. "Bi Nasriya, pete zote hizi? Basi Aktiki kuna msitu wa mivule!"

"Labda wameupanda jana, Daktari."

Alitania, kisha akaenda kuchungulia kopo. Tope lililobaki lilitosha jaribio moja tu.

Jioni akamkuta mama mkwe wake, Bi Shariffa, jikoni, amelipindua gudulia juu ya chetezo, kama kawaida yake, ili maji yanukie ubani. Nasriya akaganda mlangoni.

"Mama, na zile chupa zangu?"

"Nimezifukiza zote, mwanangu. Zanuka dawa! Nkaona haya, vyombo vya watu vitoke kwangu vile."

Nasriya akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Moshi wa ubani umejaa pete zizo hizo, na soda iliukwangua wote kwenye kioo.

"Wanicheka nini?"

"Umepanda msitu Aktiki, Mama."

"Mie? Hata shamba sina!"

Mara ya pili alitumia chupa mpya, wala hakubanduka mezani. Mstari wa mashine ukateremka chini, taratibu: pete chache, kama ilivyotarajiwa. Dkt. Yaqdhan akautazama, akautazama tena, kisha akamsogezea ripoti na kalamu.

"Andika mwenyewe. Na herufi zisomeke, yenda mbali hii."

Akaandika: Nasriya binti Thani. Herufi ya mwisho ikapanda juu ya mstari.