Makaa Ndani ya Mfuko wa Besi

"Mnasema besi haisikiki? Izimeni basi, muone kama kuna mtu atacheza!" Théodore alipenda kuwaambia watu hivyo, na hakuwa anatania. Kanisani kwao, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, juu ya duka la mablanketi, kila muumini alimjua mwimbaji kwa jina, akamjua na mpiga kinanda. Yeye aliyebeba wimbo mzima mabegani walimwita "yule Papa wa nyuma". Jamani, watu hawana shukrani.

Kutwa alikuwa mlinzi mlangoni pa duka la jumla, kazi ya kusimama na kukagua risiti za watu wasiomtazama usoni. Jioni alirudi Berea, kwenye chumba ambacho yeye na mkewe Léocadie walikigawana na familia nyingine kwa pazia. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, gitaa lake la besi mapajani, bila spika ili jirani wa pazia asigombe, kidevu amekigandamiza kwenye mbao apate kuisikia sauti kwa mfupa. Kidole cha shahada, cha kati, cha shahada, cha kati, taratibu, mpaka nguvu zilingane. Kiganja cha kushoto kilizituliza nyuzi zisizotakiwa zisije zikavuma ovyo.

"Papa, hiyo besi ingekuwa mwanamke, tungeshatoana meno," Léocadie alimwambia huku akinyoosha vidole vilivyochoka kwa kusuka nywele za watu.

Yote hayo alifundishwa kwao Uvira, Kongo, na marehemu Évariste, fundi wa besi wa enzi hizo. Na Évariste alimwachia somo jingine: adui wa gitaa ni unyevu. Uvira iko kando ya ziwa. Mvua ikishika, nyuzi zinaota kutu na mbao zinavimba. Basi unafunga makaa makavu kwenye kitambaa, unayatia ndani ya mfuko wa gitaa yanyonye maji, na mfuko unauweka karibu na moto. Théodore alilishika somo hilo kama sala ya Baba Yetu. Kila baridi ya Johannesburg ilipoingia, alibadilisha makaa na kuusogeza mfuko karibu na hita.

Mwaka huu pasta alimwita pembeni. "Papa Théo, jukwaa ni dogo. Thierry anaweza kutupigia besi kwa mkono wa kushoto, palepale kwenye kinanda."

Akinyang'anywa besi anabaki nini? Mlinzi mchana, mlinzi jioni. Akaomba apewe Jumapili moja tu, ile ya sikukuu ya kuzaliwa kwa kanisa. "Ukisikia siku hiyo na bado ukasema kinanda kinatosha, nitakaa kwenye viti na wengine." Pasta akakubali.

Alifanya mazoezi mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kisigino. Jumamosi asubuhi akafungua mfuko apige mara ya mwisho. Eish! Shingo ya besi ilikuwa imepinda, na pale inapoungana na kichwa palikuwa na ufa. Kila alipobonyeza, uzi ulilia kama nzi ndani ya kopo.

Akakimbia nayo Jeppestown kwa Fahad, mtu wa Tanga anayetengeneza magitaa na spika. Fahad aliigeuza besi, akaipapasa, kisha akatia mkono ndani ya mfuko wake na kutoa kifurushi cha kitambaa.

"Hii nini, kaka?"

"Makaa. Ya kuvuta unyevu."

"Unyevu gani? Hapa Joburg, baridi hii, mpaka mate yanakauka mdomoni! Unaiweka wapi?"

"Karibu na hita."

Fahad alishusha pumzi. "Umeibanika mwenyewe, kaka yangu. Mbao imepasuka mpaka ndani. Nikikaza chuma cha ndani ya shingo ili inyooke, itakatika mikononi mwangu."

"Nitengenezee hata ya kesho tu."

"Hata ya kesho sina namna. Na besi zilizopo hapa zote ni za watu, siwezi kukuazima."

Théodore alitazama mikono yake. Ilikuwa inang'aa. Kila asubuhi ya baridi alijipaka mafuta ya mgando, kwa sababu bila hivyo ngozi inachanika na midomo inatoa damu. Alijua hali ya hewa ya mji huu kwa ngozi yake mwenyewe, miaka yote hiyo, na bado besi akaitilia makaa. Alitamani kulia, akaona haya mbele ya Fahad.

Jumapili akapanda nayo jukwaani hivyohivyo. Wimbo wa kwanza aliukokota. Wa pili, sauti ikachacha kabisa, mwimbaji akageuka kumtazama. Thierry, bila ubaya wowote, akateremsha mkono wa kushoto na kuishika besi kwenye kinanda. Théodore akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akaizima yake.

Vidole viliendelea. Shahada, kati, shahada, kati. Alisubiri mtu mmoja ageuke, hata mtoto. Watu walicheza na leso zao juu, pasta amefumba macho.

Ibada ilipokwisha, Mama Agnès, anayekaa kiti cha mbele tangu kanisa lianze, alimkamata mikono yote miwili. "Papa Théo! Leo besi imenguruma mpaka hapa kifuani. Mungu akuongezee!"

"Amina, Mama."

Pasta alikuja nyuma yake akitabasamu. "Haya, Papa, tulikubaliana. Mimi leo nimeisikia besi. Unasemaje?"

Théodore alikuwa anafunga zipu ya mfuko. "Kinanda kinatosha, Pasta," akasema.

Pasta akamshika bega, akamshukuru kwa unyenyekevu wake, kisha akamwomba asaidie kukunja viti.