Wanga Uliokataa Kushuka

Navalayo hakuwa mtu wa kuchezewa. Ngumi zake zilitangulia maneno, na mwaka ule wa Uhuru alipoajiriwa kwenye maabara ya mahindi hapa Kakamega, wanaume wa kazini walijifunza upesi kumwamkia kwa adabu.

Kazi yake ilitaka mkono mtulivu, mtu angecheka! Aliloweka mahindi kwenye maji yenye dawa ya kiberiti, akayasaga, akachuja maganda. Uji uliobaki aliumimina polepole kwenye mfereji wa bati ulioinama. Wanga, kwa kuwa ni mzito, ulishuka na kulala chini, mweupe. Protini, manjano na nyepesi, ilipita juu na kutoka.

Kiwanda kimoja kilitafuta mahindi yenye wanga safi. Bramwel, kaka yake wa pekee, alikuwa na shamba Lugari, lililokuwa la mzungu. Mahindi yake yakifaulu kipimo, kiwanda kingenunua mavuno yote. Yakifeli, yangeoza ghalani. Shamba lenyewe lilipatikana kwa ng'ombe wa mahari ya Navalayo, sasa mjane, naye hakupewa hata tuta moja. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Hata hivyo alituma neno nyumbani: "Mwambieni mama ayakaushe sawasawa."

Bramwel akaleta mahindi, na siku ya kupima akaja kujionea. Navalayo akamimina. Lo! Uji ukateremka wote pamoja, manjano mpaka mwisho. Akarudia. Wapi!

"Umeniharibia!" Bramwel alifoka. "Unanioneanga kijicho kwa sababu ya shamba!"

"Shamba la ng'ombe wangu!"

Bramwel akamzaba kofi, Navalayo akaangukia mfereji, damu ikamjaa kinywani. Aliinuka na mchi wa chuma wa kusagia. Akampiga mkono wa kulia, mfupa ukalia kwaa. Bramwel akaanguka. Navalayo akampiga tena palepale, na tena, na Mungu amsamehe, aliona raha. Wenzake walimvuta kwa nguvu.

"Mama aliyatundika juu ya meko," Bramwel aligumia sakafuni. "Kama mbegu. Ulisema yakaushwe sawasawa."

Navalayo akatafuna punje. Moshi mtupu. Kwao kukausha sawasawa ndiko huko, juu ya moto, fukusi wasiguse. Joto lilikuwa limeigandisha protini kwenye wanga, visiachane tena. Na aliyeagiza ni yeye. Akaketi chini kando ya kaka yake.

Mahindi mengine ya shamba lilelile, yaliyoanikwa juani, yalitoa wanga mweupe pe. Kiwanda kikakubali. Lakini mkono wa Bramwel ulinyauka, haukushika jembe tena, naye hakuwa na mke wala mtoto wa kumlimia.

Navalayo akaacha kazi, akahamia Lugari. Kila msimu analima shamba lile kuanzia alfajiri, mgongo umepinda. Bramwel huketi kwenye kigoda ukingoni mwa shamba lake, akimwambia mstari haujanyooka, arudie. Naye, Navalayo yuleyule, hurudia.