Chokaa kwenye Miche ya Kaltumi

Mwalimu Kaltumi alifundisha darasa la nne katika shule ya kambi yetu ya polisi, na somo lake la misitu halikuhitaji ubao. Aliwapandisha watoto kilima cha Lubaga kuokota mbegu chini ya miti mikubwa ya musizi, akawarudisha wakiwa na udongo hadi masikioni. Mbegu waliziotesha katika pakiti za maziwa. Kila asubuhi mtoto alichomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kikitoka kikavu, ndipo achote maji. Sisi majirani tulilalamikia sare zilizochafuka. Baadaye miche ikahamishiwa nyuma ya madarasa, ikafika magotini.

Kisha mumewe, Sajenti Yasiin, akafa ajalini. Kaltumi hakulia. Eda ilipokwisha alirudi darasani, lakini aliyerudi ni mwili tu. Ukimwambia chai imepoa, alisema ndiyo. Ukimwambia bado ni ya moto, alisema ndiyo.

Siku hizo tukasikia kamanda anataka pale penye miche pawe pa kuegesha magari. Angekuja Ijumaa kupaona; pakimpendeza jinsi palivyo, angeiacha miche. Kaltumi alijua kwamba anaitaka ile miche iishi. Kuihisi hiyo hamu ndiko alikoshindwa.

Kambini kwetu, mkubwa akitajwa tu, chokaa huonekana. Tunapaka mawe, vigingi, mashina ya miti, hata ukuta wa choo, na hakuna anayeuliza kwa nini. Alhamisi hiyo Atoo, binti wa konstebo jirani yangu, alimfuata Kaltumi mezani.

"Mwalimu, kesho afande nakuja. Hii miti ya sisi nayo tunapaka?"

"Ndiyo," alisema Kaltumi, bila kuinua kichwa.

Watoto walipaka kwa bidii. Shina la mche ni jembamba kuliko brashi, basi wakapaka na majani, juu na chini.

Kaltumi aliyaona asubuhi, kamanda akiwa tayari nyuma yake.

"Madamu, hii ni safi kabisa," kamanda alisema. "Gari hasimami hapa tena. Lakini kila Ijumaa mupake hivi hivi."

Watoto walipiga makofi. Kaltumi aligusa jani moja, likakatika mkononi. Kiwanja kilikuwa kimepona, na miche ingekufa yote. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya serikali, aliyopewa marehemu, na huyu mtu angeweza kumtoa siku yoyote.

"Hapana, afande," alisema. "Majani hapumui na hii chokaa. Leo tunaosha, na hatupaki tena."

Aliogopa. Tangu mazishi hakuwa amehisi kitu chochote, na sasa aliogopa kikweli, hata akashikilia ukuta.

Kamanda alimtazama, akatazama saa yake, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Mpaka leo hajasema.

Watoto walikimbia kuchota maji. Nasi tulifika na ndoo zetu, sisi tuliolalamikia sare, tukamkuta Kaltumi amechuchumaa kati ya miche akisugua jani kwa ncha ya leso. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita Yasiin kwa jina. Tulichuchumaa kando yake, tukaosha.