Sindano ya Ambokile

Asubuhi ile Ambokile alikuwa anamenya ndizi mbichi huku anazilaani. Alizipata kwa mwanakijiji mmoja kwa kumpa kipande cha sabuni, na kila aliyoimenya aliiona ndogo, ngumu, haina adabu ya ndizi. Kwao ni Kisondela, huku kwetu Rungwe, ambako mtu huzaliwa migombani na pengine kuzikwa humo humo. Mimi nilikuwa koplo wake, nimemzidi miaka sita. Nilimwambia apike aache kulalamika, Msumbiji hawakutuita kuja kula. Akacheka, akaongeza chumvi. Tulikula wawili kwenye mfuniko mmoja wa sufuria, kisha tukapanda lori.

Vita yetu haina nyimbo. Ile ya Kagera kila mtu anaijua, hata watoto waliozaliwa baadaye. Sisi tuliopelekwa Msumbiji miaka kadhaa baada ya hapo, kusaidia kupambana na waasi, tuliondoka bila ngoma na kurudi bila ngoma. Nikiwasimulia watu hapa Tukuyu huniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Nina mshono kuanzia kitovuni kwenda chini, na kovu jingine ubavuni kushoto.

Barabara ilikuwa ya mchanga, majani marefu pande zote mbili. Ambokile alikuwa bado anazungumzia ndizi.

Gurudumu la mbele likapasuka. Nilidhani ni gurudumu tu.

Kisha risasi.

Nilipigwa tumboni wakati naruka. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia joto, kama nimemwagikiwa uji. Nikatambaa hadi chini ya lori. Ambokile alikuwa tayari pale, mgongo kwenye gurudumu, paja lake la kulia limepasuka na mfupa unaonekana.

Waasi wakaondoka kama walivyokuja. Maumivu yakaja baadaye.

Mganga wa kikosi chetu, Mzaramo mmoja mpole, alitufikia akiwa na begi lake. Alitufunga vidonda sote wawili, kisha akatuonyesha kichupa kidogo. Ilikuwa pethidini, sindano kali ya maumivu, na kilikuwa kimebaki hicho kimoja. Hakujua ampe nani. Alitutazama, na nadhani alitaka tumsaidie kuamua.

"Mpe mkubwa," Ambokile akasema.

Lazima nieleze jambo hili, maana ndilo lililoharibu maisha yangu. Kwetu mdogo hatangulizi mkono mbele ya mkubwa wake, iwe ni nyama, kiti au maji ya kunawa. Husema mpeni mkubwa. Lakini mkubwa naye ana neno lake la kujibu: hapana, aanze mdogo. Baada ya hapo mdogo hupokea bila aibu. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna anayekaa akafikiri, maneno yanakwenda na kurudi yenyewe. Ambokile alisema lake akasubiri langu. Alinitazama kabisa usoni.

Sikulisema. Nilikunja mkono wa shati.

Nilizinduka kesho yake katika hospitali ya mji, tumbo limepasuliwa na kushonwa. Mganga wetu alikuja kuniaga. Akaniambia Ambokile alikufa jua linazama, damu ilikuwa imemwishia, na sindano isingemwokoa. Alilisema hilo mara mbili. Kisha akaniuliza neno "juuba" katika lugha yetu maana yake nini. Nikamwambia ni mama. Akasema basi alikuwa anamwita mama yake, tangu mchana mpaka mwisho.

Ambokile alizikwa kule kule. Mimi nilirudishwa nyumbani na utumbo umetolewa nje ubavuni, ili haja ipitie hapo wakati wa ndani unapona. Nilipanga chumba Makandana, hapa hapa Tukuyu. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa sabuni, sukari na mitumba, watu wanatembea na mifuko ya nailoni wakijiona matajiri. Mimi mifuko hiyo niliifunga ubavuni kwa kitambaa. Mke wangu alivumilia wiki tatu akarudi kwao Busokelo. Simlaumu, harufu ile hata mimi ilinishinda. Nikaacha kwenda kanisani, nikaacha kwenda misibani, na kwetu mtu asiyekwenda misibani watu humhesabu kama amehama. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani na kuijibu.

Jambo moja nililifanya katika miezi ile. Nilimwandikia barua mama yake Ambokile, nikamwambia mwanawe alikufa papo hapo, hakuteseka.

Muda ulipotimia nililazwa hospitali kurudishwa utumbo ndani. Siku ya operesheni walinichoma dawa ya maumivu bila kuniuliza, maana sikuwa najitambua. Siku ya pili nesi alipokuja na sindano nilimwambia sitaki. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, hana muda wa mchezo. Akanieleza kwamba mtu mwenye maumivu hujikunja, havuti pumzi, hakohoi, hatembei, na asipotembea utumbo nao unalala. Nikamwambia nimeelewa na sitaki. Akadhani ni ujeuri wa kijeshi.

Siku hiyo hiyo akaingia mama mmoja mwembamba, amejifunga kitenge, kashika chupa ya uji. Alikuwa mama yake Ambokile. Alisikia kanisani kwamba askari aliyemwandikia barua amelazwa na hana mtu wa kumuuguza. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Kisondela. Alinisalimia, akaweka chupa chini, akaomba beseni, akaanza kuniosha miguu. Nilitaka ardhi inimeze. Pia nilifurahi, na hilo nalisema wazi: miezi minane hakuna mtu aliyekuwa amenigusa isipokuwa kwa glavu.

Uji haukuruhusiwa mpaka nitoe hewa. Kila asubuhi nesi aliuliza kwa sauti kama tayari, na wodi nzima ilisubiri jibu langu kama taarifa ya habari. Mzee wa kitanda cha pili alisema hajawahi kuona ushuzi unaombewa hivi. Sikutoa kitu. Mama alirudi na chupa yake jioni, na kesho yake akaja na nyingine.

Siku ya nne tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, na nilikuwa natapika maji ya kijani. Daktari alinibonyeza, akaweka sikio la chombo chake tumboni akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema utumbo hauendi. Akasema kama hali haibadiliki itabidi wanifungue tena, na kwamba hapendi kumfungua mtu dhaifu kiasi hiki. Nesi akamwambia mbele ya mama kwamba siku zote nimekataa dawa ya maumivu na sinyanyuki kitandani.

Walipoondoka, mama alivuta kigoda karibu. Ilikuwa mchana, wagonjwa wengine wamesinzia.

"Mwanangu, hiyo dawa imekukosea nini?"

Ningeweza kudanganya tena, nilikuwa na uzoefu. Lakini alikuwa ameniosha miguu siku tatu. Nikamwambia yote kwa Kinyakyusa, tangu lori mpaka kichupa.

"Alisema nini?"

"Alisema mpe mkubwa."

"Na wewe?"

"Nilinyoosha mkono."

Nikaendelea, kwa sababu nikiacha hapo nisingeweza kuanza tena. Nikamwambia hakufa papo hapo. Nikamwambia alikuwa anaita juuba tangu mchana mpaka jua linazama.

Mama yule akaitika. Kwa sauti ndogo, uso ameelekeza dirishani, aliitika kama mama anavyoitika akiitwa na mtoto naye yuko shambani. Kisha akangoja, kama kuna mtu atakayeeleza anataka nini.

"Hukumrudishia neno," akaniambia baadaye.

"Sikumrudishia."

"Unadhani ukiumia wewe hapa, yeye kule anapunguziwa?"

Ndivyo nilivyodhani.

Akasimama akamwita nesi, akamwambia anichome. Nikaanza kusema sitaki.

"Sikukuuliza," akasema. "Wangu sikumwona akifa. Wewe sitaki kukuona."

Nikachomwa. Dawa ilipoingia mwili ukalegea, nikavuta pumzi mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu operesheni. Mama akaniingizia mkono kwapani, nesi upande wa pili, wakanisimamisha. Tukatembea mpaka mlangoni na kurudi. Tukapumzika, tukatembea tena. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko wa nesi. Jioni alinifunika, akaondoka.

Asubuhi utumbo wangu ukaamka. Nesi hakuhitaji kuuliza, wodi nzima ilisikia, na mzee wa kitanda cha pili akapiga makofi. Nilicheka huku nimeshika mshono. Kisha nikageuka nimwambie mama, na kigoda kilikuwa kitupu. Nilimsubiri siku hiyo na siku sita zilizofuata. Uji nilipikiwa na jikoni ya hospitali.

Nilipopata nguvu nilikwenda Kisondela. Nilimkuta anapalilia nyuma ya nyumba. Alisimamisha jembe, akanisalimia kwa heshima zote, akaulizia mshono, akaulizia choo kama kinakwenda vizuri. Nikamjibu nimepona. Nikaanza kusema nimekuja kuomba msamaha, akainua mkono.

"Nimekusamehe kule kule hospitali. Ila usije tena, mwanangu. Nikikuona wewe, namsikia yeye."

Nikasema nimeelewa. Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka nilipokuwa nalala, na sikwenda tena.