Nembo Kifuani

Dada yetu mkubwa ni fundi cherehani, na hajui kutulia. Hata akila husimama, sahani mkono mmoja, mkono wa pili ukitafuta kazi. Sisi wadogo zake tulimpachika jina la Stoo, kwa sababu kila kitu cha familia kipo kwake: vyeti, funguo za akiba na, zaidi ya yote, picha. Albamu zilipoanza kuota ukungu alizihamishia kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, akawa anachomoa picha mojamoja, anaipiga upya kwa simu karibu na dirisha, kisha anaituma kwenye kundi la familia. Kelele zikaanza. Huyu kapendeza, yule mbona alikuwa kakonda hivyo, nani kaweka ile niliyovaa kaptura ya kaka. Stoo aliwajibu wote huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Alikuwa mwangalifu, nisimsingizie. Picha ya marehemu baba akiwa kitandani, mgonjwa, hakuituma. Alisema hiyo ni ya mama peke yake. Shangazi alipoomba ile aliyopiga na mchumba wake wa kwanza isionekane, haikuonekana, ingawa sote tulikuwa tunaijua.

Shida ilikuwa dada yetu wa kati. Huyu alimkimbia mumewe, mtu mwepesi wa kuinua mkono, akahamia mji mwingine na binti yake mdogo. Mume aliapa kwamba atamtafuta mtoto na kumchukua. Katika ukoo mzima, aliyejua walikohamia ni Stoo tu. Ndiye aliyetumiwa picha za mtoto, kwa sharti moja: zisitoke kwenye simu yake.

Na yule bwana, amini usiamini, alikuwa bado yumo kwenye kundi letu. Baba mdogo, msimamizi wa kundi, alisema kumtoa shemeji ni sawa na kumfukuza mtu sebuleni. Mama naye akasema tusitafute ugomvi. Nilikasirika siku ile, na hasira ninayo mpaka leo. Kwetu anayepiga hupewa heshima, anayepigwa huambiwa avumilie.

Mtoto alipokaribia kuanza darasa la kwanza, maneno yalikuwa yamezidi. Stoo anambania mtoto. Kwani ana kasoro gani hata asionekane? Stoo alisoma hayo akawa anazunguka chumba, anashika mkasi, anauacha, anashika pasi ya baridi. Hasira zake alizimalizia kwenye sare ya mtoto. Alishona gauni, akadarizi nembo ya shule kifuani kwa mkono, uzi juu ya uzi, akalituma. Shule zilipofunguliwa ikaja picha: mtoto amesimama mlangoni kwao, amevaa, anacheka.

Nilikuwepo, nimekuja kuchukua suruali yangu. Nilimwona akiikata ile picha kwenye simu. Aliondoa mlango, akaondoa namba ya nyumba, akaondoa ukuta wa jirani, akabakiza mtoto peke yake. Kisha akaikuza, akaanza kukagua kola, mishono ya mabega, jinsi gauni lilivyokaa. Fundi akiangalia nguo aliyoishona mwenyewe haoni kingine. Akaituma kwenye kundi na kuandika: mwenye kusema mtoto ana kasoro aseme sasa.

Sifa zikamiminika. Halafu yule bwana, ambaye tangu waachane hakuwahi kuandika hata salamu, akaandika: "Kapendeza. Na nembo imesomeka vizuri."

Stoo aliifuta picha, lakini kufuta kulisaidia nini? Jina la shule alikuwa amelidarizi yeye, herufi kwa herufi. Akampigia mdogo wake. Hapokei. Dada wa kati anafua mashuka hospitalini, na simu huziacha kabatini wakiwa kazini. Stoo alipiga, akakata, akaenda mlangoni, akarudi, akapiga tena. Mimi nilitafuta namba ya mapokezi ya hospitali, nikahamishwa kutoka mtu hadi mtu, nikiomba, mwisho nikitukana, mpaka nikasikia sauti yake. Nikampa Stoo simu.

"Kamtoe mtoto shuleni sasa hivi," alisema. "Anajua shule. Kosa ni langu."

Dada wa kati hakuuliza kitu. Alikata.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyempa dada wa kati habari baadaye. Kesho yake asubuhi alifika mwanamume getini na mfuko wa zawadi, akajitambulisha kuwa ni baba, akaomba aitiwe mtoto. Mtoto hakuwepo. Siku hiyohiyo baba mdogo alimtoa yule bwana kwenye kundi bila kuandika neno, na mama hakumtetea mtu. Nilitaka kuwaambia wote wawili kwamba wamechelewa, nikanyamaza, maana Stoo alikuwa ameshajisema vya kutosha.

Tulikaa roho juu majuma kadhaa. Siku moja mchana dada wa kati akapiga kwa namba ngeni. Stoo aliweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Wako salama, akasema. Wamepata pengine pa kukaa, na mtoto ameanza shule nyingine.

"Wapi?"

"Dada, nakupenda. Usiniulize."

"Picha basi. Ya mama tu, nitamwonyesha halafu nifute."

"Picha hapana."

Stoo alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Akasema haidhuru, ila mtoto atakuwa ameongezeka, lile gauni litambana. Atajiwe vipimo tu, kifua na urefu, amshonee sare ya huko. Bila nembo. Nembo watabandika wao wenyewe.



"Tutanunua ya dukani, dada," mdogo wake akasema.