Farasi wa Mwandiga

Miaka ile ya wakimbizi, barabara ya Manyovu ilishusha mengi: cherehani vichwani, milango iliyong'olewa na bawaba zake, na safari moja, farasi. Familia iliyovuka naye kutoka Burundi iliwauzia ndugu wawili wa Mwandiga, wachuuzi wa ng'ombe, maana kambini hapakuwa na pa kumweka. Habari zilinifikia Katubuka, nilikopangiwa ualimu, nikaamua papo hapo kuwa huyo ni wa baba.

Baba alihamia kwangu baada ya mama kufariki. Ujana na utu uzima wake uliishia kwenye mazizi ya mashamba ya wazungu, upande wa Moshi: kulisha farasi, kuwasugua, kuwafunga matandiko, kisha kushika hatamu ili mwenyewe apande. Yeye hakupanda hata mara moja. Ilikuwa marufuku, na baba ni mtiifu hadi anakera. Niliapa kwamba kabla hatujamzika atakaa juu ya farasi, tena farasi wake.

Walimu wenzangu walinicheka. Mbung'o watammaliza farasi huyo, walisema. Asiyejua maana haambiwi maana, niliwaacha wacheke.

Bei tulishapatana siku ya soko, kwa hiyo siku ya kumchukua nilikwenda na baba tu. "Mwakeye, Mzee. Shikamoo," wale ndugu walimpokea. Baba aliitikia huku macho yakiwa kwa mnyama, jike la kijivu, mbavu nje. Alimpapasa uso uliobonyea kidogo chini ya macho, akatazama mkia ulivyoinuka.

"Baba yake farasi wa Kiarabu huyu," akasema. "Mama yake sijui, lakini baba ni Mwarabu." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Nilipokwisha kulipa, kaka mtu alimfungua farasi kamba ya shingoni, akaikunja, akaibana kwapani.

"Na kamba?" nikauliza.

"Umugozi hatutoi, mwalimu. Ukiuza mnyama ukatoa na kamba yake, umetoa baraka ya zizi zima. Kila mnunuzi huja na kamba yake."

Mimi nilikuja na mkoba. Nilipandwa na hasira, nikamwambia farasi si ng'ombe, nikataka kuinunua hiyo kamba peke yake. Aliihamishia kwapa la pili. Farasi naye alishaanza kutazama shamba la mahindi la jirani.

"Basi mbebe!" mdogo mtu akatania.

Baba alininyooshea mkono. "Nipe kanga yako ya juu."

Aliipitisha juu ya pua ya farasi, akaizungusha nyuma ya masikio, akafunga fundo huku akizungumza na farasi kwa sauti ya chini. Mdogo mtu aliacha kucheka. Kisha baba akashika ncha, akaanza kumwongoza kwa miguu, kichwa ameinamisha.

"Baba, panda."

Aligeuka, akatazama nyuma yangu kama anayemtafuta mtu. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni wewe, baba."

Ni kaka mtu aliyesogea, akaweka kamba yake chini, akainama na kuunganisha viganja. "Kanyaga hapa, Mzee."

Baba akapanda. Mgongo ulinyooka, mgongo niliodhani uzee ndio umeupinda. Mwandiga nzima ilisimama. Wakimbizi waliokuwa wakipita na magodoro walitua mizigo, wakapiga makofi, na mimi, mwalimu mzima, nikatangulia mbele na ncha ya kanga nikipiga vigelegele. Sijawahi kuona fahari kama ile, na sikuona haya hata kidogo.

Tulipofika mlangoni kwangu nilisimama. "Tumefika, baba. Shuka."

"Umefika wewe," akasema. "Lete hiyo kanga."

Akamgeuza farasi, akashika njia ya ziwani.